Mteja Aliyebana Pumzi

Jumatatu asubuhi, Fundi Rekodi alikuta mteja mmoja zaidi ndani ya simu yake.

Jumamosi alikuwa amepima watu wanane. Vitambaa vilivyokuwa juu ya meza vilikuwa vinane, kila kimoja kimefungwa kwa uzi wake. Lakini alipotia waya za simu masikioni na kushika mkasi, vipimo vilikuja vya watu tisa. Huyo wa tisa alisomwa kwa sauti ya fundi mwenyewe, ile sauti yake ya kazini, ya haraka haraka: "Mteja wa mwisho. Kifua arobaini na nne. Kiuno thelathini. Mkono arobaini na moja."

Mkasi ukasimama. Mkono wa inchi arobaini na moja! Mtu wa mkono huo akisimama wima, vidole vyake vinashuka chini ya magoti. Fundi akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Ilikuwa arobaini na moja vile vile.

Hebu nikueleze kwanza jinsi alivyokuwa akifanya kazi, maana bila hilo utaona nakupotezea muda. Zamani alikuwa na daftari kama mafundi wote wa nguo. Aliponunua simu nzuri, daftari likaenda kuwashia moto. Simu akaitundika shingoni kwa kamba. Akimpima mtu anatamka namba huku simu inarekodi, na wakati wa kukata anajisikiliza. Kazi ikaenda mbio kweli, sitaki kumsingizia. Ila kidogo kidogo kichwa chake kikaacha kushika kitu. Ungeweza kumuuliza kiuno cha mteja ambaye bado yuko mlangoni anavaa viatu, naye akaishika simu kwanza. Ndiyo watu wakambandika jina la Fundi Rekodi. Alilipenda. Alidhani ni sifa!

Na nyumbani ni hivyo hivyo. Mume wake alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, yeye wa kusikika tu kwenye simu. Walikuwa na mtoto mmoja, binti wa miaka tisa, tuliyemwita Chiriku kwa sababu mdomo wake ulikuwa haujui kupumzika. Mama mtu akampa simu yake ya zamani, na tangu siku hiyo akawa anamlea kwa ujumbe wa sauti. Chiriku, amka. Chiriku, kula. Chiriku, jifungie, na usimfungulie mtu yeyote mpaka usikie sauti yangu kwenye simu. Hata wakiwa nyumba moja, mama jikoni na mtoto chumbani, ni simu tu. Sisi majirani tulicheka sana. Siku hizi hakuna anayecheka.

Jumatatu hiyo fundi alivua waya masikioni, akamtazama wifi yake. Huyu wifi, dada wa mumewe, ndiye aliyekuwa akifanya naye kazi pale dukani, kazi ya kupiga mapindo na kutia vifungo.

"Wifi, umechezea simu yangu?"

"Mimi? Hiyo simu yako hata kuifungua sijui."

"Kuna mteja humu simjui. Mkono wake inchi arobaini na moja."

Wifi akacheka mpaka pini ikamtoka mdomoni. "Si yule wa kwako wa Jumamosi! Umesahau? Ulipokuwa unajaribu hicho kidude chako kipya."

Kidude chenyewe kilikuwa kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye kola. Fundi alikinunua Jumamosi, na baada ya kufunga duka akataka kukijaribu. Akaenda kwenye kona ya kioo, pale wateja wanaposimama kupimwa, akanyoosha futi yake hewani. Karibu mteja, akasema. Nyoosha mikono. Bana pumzi kidogo. Halafu akataja namba za ajabu ajabu zilizomjia kichwani, wifi yake akawa hoi kwa kicheko.

"Ile niliifuta," fundi akasema. "Na sidhani kama nilitaja namba hizi."

"Ulizitaja. Arobaini na nne, thelathini, arobaini na moja. Nilikuwepo." Kicheko cha wifi kikapungua. "Nami nikakuambia, laiti mwalimu wetu angekuona."

Wote wawili walikuwa wamefundishwa kushona na bibi mmoja mkali, Bi Sindano. Kwa bibi huyo ilikuwa marufuku kabisa kupima hewa. Alikuwa akiwaambia wanafunzi wake kwamba wapo wateja wasioonekana, wanaopita kila duka la fundi na wasithubutu kuingia, kwa kuwa hawana mwili na hakuna aliyewapima. Ukishawapima umewakaribisha. Na mteja aliyekwisha kupimwa atakusubiri mpaka umpe cha kuvaa. Wanafunzi walicheka chini chini. Waliona ni mbinu ya kuwazuia wasichezee futi.

"Hayo ya majini mwachie mwenyewe," fundi akasema, akafuta ule ujumbe, akaendelea kukata.

Jumanne ulikuwepo tena. "Mteja wa mwisho. Kifua arobaini. Kiuno ishirini na nane. Mkono thelathini na tano."

Safari hii fundi alisikiliza vizuri. Nyuma ya sauti yake palikuwa na pumzi. Unajua mtu anavyofanya futi inapomzunguka kifuani? Anavuta hewa, anaibana, na fundi akimaliza anaiachia. Huyu alivuta hewa, akaibana. Fundi akangoja mpaka ujumbe ukaisha, na ile pumzi haikuachiwa.

Akaufuta. Akamtazama wifi yake aliyekuwa anatia uzi kwenye sindano. Akaanza kukumbuka vitu. Kwamba wifi huyu alishawahi kusema duka hili lilitakiwa kuwa lao wote wawili. Kwamba hufika mapema siku nyingine na ana ufunguo wake. Kwamba alizitaja zile namba tatu bila kubabaika. Mtu wa kawaida anakumbukaje namba za mchezo?

Mchana akapokea ujumbe kutoka kwa Chiriku: "Mama, gauni la shule linanibana makwapani, na mikono imekuwa mifupi, wenzangu wananicheka, halafu mwalimu kasema, halafu..." Mtoto akaendelea hapo dakika mbili nzima.

"Nitakushonea jingine," fundi akamjibu. "Namba zako ninazo."

"Za Januari hizo," wifi akasema kutoka kwenye kiti chake. "Mlete umpime upya. Huyo mtoto amerefuka. Juzi nilimsuka, nikamwona."

"Nimesema ninazo."

Jumatano harufu ikaanza. Ilikuwa harufu ya kitambaa kibichi kilichoachwa chini ya pasi ya moto mpaka kikaanza kuungua. Fundi akaikimbilia pasi. Pasi ilikuwa ya baridi, waya wake umekunjwa, haijawashwa tangu asubuhi. Harufu ilikuwa inatoka kwenye kona ya kioo.

"Wewe husikii harufu?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Naisikia," wifi akajibu kwa sauti ya chini vile vile. "Wifi, twende kwa Bi Sindano."

"Twende tukamwambie nini? Kwamba kuna mtu anarekodi sauti yangu?"

"Nani anarekodi?"

Jinsi fundi alivyomtazama ilitosha. Na Alhamisi asubuhi mteja aliposomwa kifua thelathini na mkono ishirini na mbili, fundi akalitoa lililomkaa rohoni. Akamwambia wifi yake kwamba ana wivu, kwamba amemroga au amemlipa mtu wa simu amchezee, kwamba ndugu wa mumewe hawajawahi kumpenda. Maneno mengine siwezi kuyarudia, yanaumiza.

Wifi akasimama akavua mkanda wa pini.

"Sawa. Nitarudi siku moja kuchukua mkasi wangu, leo sina nguvu. Ila wifi, nakuomba jambo moja tu. Mtoto mwangalie kwa macho. Usimwangalie kwa simu."

Akatoka. Ndiye aliyekuwa mtu pekee wa kumshika yule mtoto kichwa, kumgeuza huku na huku, kumwona amekua. Fundi alimfukuza mwenyewe, kwa mdomo wake.

Ijumaa jioni, kama saa kumi hivi, jua bado kali nje, fundi aliketi kushona gauni la Chiriku. Siku nzima alikuwa amekataa kumsikiliza mteja wa mwisho. Akatafuta ujumbe wa Januari, akausikiliza: "Mwanangu. Kifua ishirini na tano. Kiuno ishirini na mbili. Mkono kumi na saba." Nyuma yake Chiriku alikuwa anachekacheka, mama unanitekenya. Fundi akatabasamu, akapiga mistari ya chaki, akakata, akashona mishono mikubwa yote. Simu ikamaliza ujumbe ule, ikaingia kwenye unaofuata bila kuguswa.

"Mteja wa mwisho. Kifua ishirini na tano. Kiuno ishirini na mbili. Mkono kumi na saba."

Fundi akainuka. Ndipo alipoelewa kwamba zile namba hazikuwa zikipungua ovyo, kwamba siku tano nzima kile kitu kilikuwa kinajipunguza, kinajikunja, kinajipima na kujipima tena humo ndani ya simu mpaka kimwenee mtu mmoja tu duniani, na mtu huyo saa hizi alikuwa nyumbani peke yake, amejifungia, anangoja sauti ya mama yake.

Akapiga simu. Ikaita mara tatu.

"Mama?" Chiriku akasema. "Nimeshafungua."

"Umefungua nini?"

"Mlango. Si umenitumia ujumbe nifungue? Umesema uko nje na futi, unataka kunipima upya."

"Chiriku, funga! Funga mlango sasa hivi!"

"Lakini mama..." Sauti ya mtoto ikashuka. "Mbona umeshaingia?"

Na fundi, akiwa amesimama dukani kwake na gauni mkononi, akajisikia mwenyewe upande wa pili wa simu, polepole, kwa upole ambao hajawahi kumsemesha nao mwanawe, akisema: nyoosha mikono, mwanangu, bana pumzi kidogo.

Simu ikakatika.

Alikimbia. Duka aliliacha wazi, taa zinawaka, viatu alivitupa njiani, akapita watu waliomsalimia asiwaone, akapita kwangu nikamwita asiitike, akawa anakimbia huku anarekodi ujumbe kwenye simu bila hata kujua, usimsikilize, Chiriku, si mimi huyo, usimsikilize, na kila ujumbe aliotuma ulikuwa kwa sauti ile ile ambayo alikuwa anamkataza mtoto asiisikilize, jamani, mtoto angejuaje ya kweli ni ipi, na alipofika mlango ulikuwa wazi na ile harufu ya nguo mbichi iliyoungua imejaa nyumba nzima mpaka machozi yakamtoka.

Chiriku alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono ameinyoosha pande zote mbili.

"Mwanangu!"

Mtoto akashusha mikono. "Mama," akasema. "Umekuja."

Fundi akamkumbatia wakaanguka wote chini. Alimbusu kichwani, akamkagua vidole, akamtazama machoni. Alikuwa mzima. Alikuwa na joto. Fundi akalia kwa furaha mpaka sisi majirani tukaja kuuliza kulikoni. Simu ya mtoto haikuonekana, na hakuna aliyejali kuitafuta. Ilikuwa ni heri ipotee.

Kesho yake asubuhi akaenda kumchukua Bi Sindano. Yule bibi alikuwa amezeeka, macho karibu yote yamekwisha, lakini ukali ulikuwa pale pale. Aliingia dukani akanusa hewa, akauliza: "Nani kapima hewa humu?"

Fundi akamweleza yote, kichwa ameinamisha.

"Ovyo wewe! Nilikufundisha mwaka mzima, nawe unakuja kufundishwa na kidude." Bibi akaketi. "Haya. Dawa yake si kufukuza. Huyo ni mteja, mshonee nguo yake kwa vipimo vyake vya kwanza, itundike kwenye kona ya kioo, umwambie kazi imekwisha. Atachukua aende. Vipimo vyake vya kwanza?"

Mkono wa fundi ukaenda shingoni.

"Weka simu chini!" Bibi akapiga meza. "Sema kwa kichwa chako."

"Mkono arobaini na moja," fundi akasema. "Kifua... nadhani arobaini na... Mwalimu, wifi yangu ndiye anakumbuka."

"Yuko wapi?"

Fundi akaona haya kusema. Vipimo vingine akavikisia. Walishona gauni hilo kwa mkono, yeye anashona na bibi anapapasa mshono kwa vidole, mpaka adhuhuri. Likatoka gauni refu la mikono ya kutisha. Wakalitundika kwenye kona ya kioo. Fundi akasema maneno aliyoambiwa: nguo yako tayari, chukua, hudai tena hapa.

Mlangoni, bibi akamshika kiwiko. "Na mtoto? Ulimpima?"

"Kumpima kwa nini? Mwanangu simjui?"

"Mkono wake inchi ngapi?"

"Kumi na saba," fundi akajibu haraka, akafurahi kwamba hiyo hakuhitaji simu. Bibi akamwachia kiwiko, akaomba asindikizwe nyumbani.

Jumapili asubuhi gauni lilikuwa bado limetundikwa, halijaguswa. Lakini harufu ilikuwa imekwisha kabisa, na kwenye simu hapakuwa na mteja yeyote wa ziada. Fundi akashukuru. Akasema basi, mteja ameridhika, ameondoka bila hata kuchukua mzigo wake. Simu akaivua shingoni, akaifungia kwenye droo ya meza, akanunua daftari jipya. Akaapa kwamba kuanzia siku hiyo mwanawe atamsemesha uso kwa uso.

Na Chiriku naye alikuwa ametulia. Alikuwa anakaa pale dukani kwenye kiti cha shangazi yake, kimya, anajibu akiulizwa. Fundi aliona ni mshtuko, utaisha. Kusema kweli aliona ni nafuu pia.

Jumatano wifi akaja kuchukua mkasi wake. Fundi akamlaki mlangoni, akamwomba msamaha mbele ya wateja wawili, akalia. Wifi naye akalia. Mambo ya ndugu yakaisha hapo.

"Njoo umwone mwanao," fundi akasema. "Chiriku, msalimie shangazi. Simama umwonyeshe gauni."

Mtoto akasimama. Gauni jipya la shule lilikuwa limemkaa vizuri mno. Mabega yamelala mahali pake, kiuno kimeshika, mikono imeishia pale pale kwenye kifundo cha mkono.

"Limempendeza," fundi akasema.

Wifi akasogea karibu. Alikuwa anatazama mikono. "Hili umeshona kwa vipimo vipi?" akauliza mwishowe.

"Si vile vile vyake vya Januari."

"Wifi." Akashusha sauti. "La zamani nalo ulishona kwa vya Januari. Likawa linambana. Mikono ikawa mifupi. Alikutumia ujumbe, nilikuwepo, nilisikia."

Fundi akaitazama mikono ya gauni. Akamgeukia mtoto. Kwa mara ya kwanza tangu Januari alichukua futi na kwenda kumpima mwanawe kwa mikono yake. Mkono: kumi na saba, bila hata nusu. Kiuno: ishirini na mbili. Akaizungusha futi kifuani. Mtoto akavuta hewa, akaibana.

Ishirini na tano.

Fundi akalegeza futi, akarudi nyuma hatua moja. Akangoja mtoto aachie pumzi. Wifi naye akangoja. Mtoto aliwatazama wote wawili kwa macho matulivu, kifua kimejaa, hakitikisiki.

Na ndani ya droo iliyofungwa simu ikawaka, ikaanza yenyewe kusoma ujumbe, ujumbe uliotumwa kutoka ile simu ya zamani iliyopotea, kwa sauti ndogo inayotoka mbali na iliyochoka sana.

"Mama," Chiriku alisema, "bado nimenyoosha mikono. Inauma. Nishushe?"